Naomba ushauri: kitabu cha imani na kazi, nianze na nakala ngapi?

Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi.

Nimeandika kitabu kidogo kuhusu Mkristo na kazi yake, na utani wa ofisini nimeuchanganya humo humo. Sura ya bosi anayefungua kikao kwa maombi marefu huku mshahara wa mwezi uliopita haujatoka ndiyo walioisoma wameicheka zaidi. Ni kurasa 96, saizi ya A5, najigharamia mwenyewe. ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) ninayo, mhariri ameshapitia, jalada tayari.

Nimezunguka kwa wachapaji hapa Dar. Nakala 100 za dijitali, bei ya kimoja inauma. Za ofseti, yaani mitambo ya kuchapa kwa wingi, bei inashuka, lakini wanataka nianzie 500. Hela ya 500 naipata kwa kujibana, ila sitaki maboksi yageuke chakula cha mchwa. Wanunuzi ninaowategemea ni waumini wenzangu na watu wa kazini.

Mliowahi kujichapishia, mlianza na ngapi, na maduka ya vitabu yaliwakata asilimia ngapi?

Halafu nimenukuu mistari mingi ya Biblia, toleo la Union Version. Kulitaja toleo kunatosha, au lazima niombe kibali Chama cha Biblia cha Tanzania?

Natanguliza shukrani.