Mrejesho: Kuosha gari-nyumba kubwa tukiwa safarini

Habari zenu wakuu. Niliuliza namna ya kuosha gari-nyumba lenye urefu wa mita 10 tukiwa njiani, maana kambi nyingi haziruhusu kuosha kwa mpira wa maji. Asanteni sana kwa majibu, yamenisaidia kweli.

Nilifuata ushauri wa kwenda kwenye vituo vya kuoshea malori. Mliosema nianze na paa mlikuwa sahihi: ile michirizi myeusi ya ubavuni inatoka juu, kwa hiyo ukianza na ubavu, maji ya paa yanaichora upya. Mashine ya presha niliiweka mbali na stika na mipira ya madirisha. Paa nililiosha kwa brashi laini ya mpini mrefu tu.

Wadudu waliokaukia mbele ndio walikuwa wananikosesha raha. Nililowesha taulo maji ya uvuguvugu, nikalitandaza juu yao kama robo saa, wakafutika bila kusugua. Hili natamani kila mtu alijue.

Kambini, wakikubali, tunatumia ile sabuni isiyohitaji kusuuzwa: ndoo moja na vitambaa vya maikrofaiba, upande mmoja kwa jioni, jua likishapoa. Kwa vumbi inatosha. Kwa tope haifai kabisa, mchanga unakwaruza rangi.

Kilichoshindikana ni ule weupe kama chaki kwenye faibaglasi, yaani ile plastiki ngumu ya bodi ya gari. Sabuni zote zimegonga mwamba, kwa sababu jua limeshakula tabaka la juu. Panahitaji polishi, kisha nta. Hiyo tutaifanya tukitulia sehemu moja. Mbarikiwe sana.