Laptopu ya kadi mbili, kioo cheusi kwenye Ubuntu: nouveau, draiva ya Nvidia au Intel peke yake?

Mtu_wa_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nina laptopu used niliyonunua Kariakoo, ina Intel pamoja na Nvidia GTX 1050. Nimeweka Ubuntu, aina ya Linux. Nembo inatokea, halafu kioo kinakuwa cheusi tii huku feni inazunguka. Siku ikikubali kuwaka, inaganda nikifungua video. Fundi mmoja anasema kioo kimekufa, nibadilishe. Naona njia tatu: nibaki na nouveau (draiva huria ya kadi za Nvidia inayokuja na Linux), niweke draiva ya Nvidia yenyewe, au niizime Nvidia nitumie Intel tu. Kazi zangu ni ramani kwenye QGIS, na chuoni nawasilisha kwa projekta ya HDMI. Mngechagua ipi?

FundiSinza
Hela ya kioo usiitoe kwanza, mkuu. Washa, ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya mashine yenyewe), iache humo kwa muda. Humo Linux haijaanza, wala draiva zake hazijapakiwa. Kama picha imetulia na giza linakuja baada ya nembo ya Ubuntu tu, kioo ni kizima.

Kwa kadi hiyo nouveau mimi naitoa kabisa. Siidharau: imo kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, tangu 2010, na walioiandika walilazimika kuichunguza kadi kwa nje bila michoro ya kampuni. Tatizo ni kwamba kizazi cha Pascal, ambacho GTX 1050 imo, hakikubali kupandishwa kasi bila fimuwea (programu ndogo ya ndani ya kadi) iliyosainiwa na Nvidia, na nouveau haikuipata. Kadi inabaki kwenye mwendo ule ule wa kuwashia. Ni sawa na kupanda mwendokasi iliyokwama gia ya kwanza.

BandoLimeisha
Mimi kura yangu ni Intel peke yake. QGIS haiihitaji Nvidia. Draiva yao ni mamia ya MB, na kwa wanaotumia DKMS (zana ya kujenga draiva kwenye mashine yako), moduli, yaani kipande cha draiva kinachoingia kwenye kerneli, inajengwa upya kila kerneli inapobadilika. Heda za kerneli, yaani faili za kujengea moduli, zikikosekana, asubuhi umerudi gizani. Draiva ya Intel imo ndani ya kerneli, hupakui kitu. Joto linapungua pia, na Dar hii hatuhitaji jiko la ziada mapajani.

FundiSinza
Na projekta je? Kwenye laptopu nyingi za kadi mbili, tundu la HDMI limeunganishwa na Nvidia moja kwa moja. Ukiizima kadi, tundu nalo limekwenda.

BandoLimeisha
Inategemea mashine. Yangu HDMI iko upande wa Intel na natazamia mpira kwenye TV. Apime kwanza.

MamaTerminali
Kupima ni rahisi, mwanangu. Ukiwasha, bonyeza Esc mpaka menyu ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, ije. Bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na neno linux, ongeza `nouveau.modeset=0` (inaizima nouveau, Intel inabaki peke yake), kisha F10. Usiweke `nomodeset` inayopendekezwa kila kona. Hiyo inazuia draiva ya Intel pia, unabaki na picha ya kujikokota, na kipimo hiki hakitakuambia lolote. Ikishawaka, chomeka HDMI kwenye TV yoyote. Picha ikija, tundu ni la Intel. Ukiwasha upya, mabadiliko hayo yanafutika yenyewe.

Mtu_wa_Tabata
Shikamoo mama, asante sana. BIOS imetulia. Ubuntu imeingia bila kusuasua, QGIS inafunguka. Ila HDMI kimya, na TV hiyo hiyo na waya huo huo vinafanya kazi na king'amuzi.

FundiSinza
Basi weka ya Nvidia. Endesha `ubuntu-drivers devices` uone orodha. Mfululizo wa 580 ndio wa mwisho kuihudumia Pascal, na usichukue yenye `-open` mwishoni, hizo zinaanzia kizazi cha Turing, kilichokuja baada ya Pascal. Ukimaliza, `sudo prime-select on-demand`: Intel inachora mezani, Nvidia inaitwa ikihitajika. Kama Secure Boot (ulinzi unaokataa moduli zisizosainiwa) imewashwa, huenda ukaombwa utunge nywila. Ukiombwa, ukiwasha upya itakuja skrini ya bluu, chagua Enroll MOK uiandike. Ukiipita hiyo skrini, moduli haitapakiwa.

BandoLimeisha
Na siku umeme umekatika na huna projekta, `sudo prime-select intel`, washa upya. Betri itakushukuru. Kura yangu bado iko pale pale, ila kwa mwalimu wa projekta naelewa.

Mtu_wa_Tabata
Nasubiri bando la usiku. Nikikuta giza tena baada ya kuweka?

MamaTerminali
Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina na nywila yako, soma `journalctl -b -p err` na utuwekee hapa mistari yenye nvidia. Ukitaka kurudi nyuma, `sudo apt purge '^nvidia-.*'`. Ila kumbuka nouveau itarudi nayo, kwa hiyo ukiwasha pitia tena GRUB uweke ile `nouveau.modeset=0`.