Kuvua sangara kwa chambo bandia ufukweni Mwanza: nakosea wapi?

Mwana wa Pangani

Ndugu zangu, habari za leo. Nimehamia Mwanza kikazi nikitokea Pangani, ambako kwa miaka mingi nilivua mlangoni mwa mto kwa chambo bandia, nikipata kolekole na mzia mara tu maji yalipoanza kupwa na samaki wadogo kutoka nje kuelekea baharini. Hapa nimekwenda jioni nne kwenye miamba ya upande wa Luchelele nikiwa na fimbo ileile na visamaki vilevile vya plastiki vyenye rangi ya fedha, nikirusha na kuvuta kwa kasi kama nilivyozoea, wala sijaguswa hata mara moja. Je, sangara na sato hukubali chambo cha namna hii? Kama hukubali, nibadilishe nini?

Mzee wa Mwambao

Karibu Mwanza, kijana wangu. Kwanza acha kungoja maji kupwa na kujaa, kwa kuwa ziwa halina saa hiyo. Hapa tunasoma upepo. Upepo ukivuma mchana kutwa kutoka ziwani, mimi husimama upande wa mwamba unaopigwa na mawimbi, hata kama kurusha kunakuwa kazi, kwa sababu huko ndiko ninakowaona dagaa na furu, visamaki anaowala sangara, wakihangaika.

Jambo kubwa zaidi ni kasi. Mzia hukimbiza, sangara huvizia. Hujibanza kivulini mwa jiwe, na macho yake huona vyema kwenye mwanga hafifu, ndiyo maana ukimmulika kwa tochi usiku yanang'aa. Basi nenda jua likikaribia kuzama, ukabaki mpaka giza liingie. Maji yetu yana ukungu, kwa hiyo tumia chambo kinene cha sentimita 12 hivi, chenye kibapa kipana mdomoni kinachokifanya kizame na kutikisika. Zungusha rili mara tatu taratibu, acha, hesabu hadi tatu, kisha endelea. Mara nyingi huuma pale kinapotulia. Usitegemee mshtuko wa kolekole: mshipi huwa mzito ghafla, kana kwamba umenasa gunia lililolowa, kisha gunia hilo linatikisa kichwa.

Binti Ukerewe

Shikamoo Mzee. Naongeza machache. Waya uliotumia kwa ajili ya meno ya mzia uuache nyumbani, kwani meno ya sangara ni madogo na ya kukwaruza tu. Kinachokata mshipi ni miamba na makali ya mifupa ya mashavu yake, na kipande cha nailoni nene kinatosha.

Usirushe katikati ya gugumaji lililojazana. Chini yake hewa ya majini ni haba, na sangara havumilii hali hiyo, tofauti na kambare na kamongo ambao huweza kuvuta hewa juu ya maji.

Kuhusu sato, nakushauri kwa moyo mweupe usipoteze jioni zako. Chakula chake kikubwa ni mwani na wadudu wadogo wa majini, hivyo nyungunyungu kwenye ndoana ndogo humshinda mwigo wowote wa plastiki. Tena simama juu ya mwamba, usiingie majini mpaka magotini, kwa maana kichocho kipo katika fukwe zetu. Na visiwani Saanane usivue, kwani ile ni hifadhi ya taifa.

Mwana wa Pangani

Shikamoo Mzee, na ahsante sana dada. Jana nilifuata maelekezo yenu neno kwa neno, na giza lilipoanza kuingia mshipi ukawa mzito kama mlivyosema. Alikuwa sangara wa sentimita 43, nikamrudisha kwa kuwa aliye chini ya 50 haruhusiwi, ila ndoana zenye ncha tatu zilimnasa sehemu mbili na nilichukua muda mrefu kuzitoa. Nifanyeje siku nyingine?

Mzee wa Mwambao

Marahaba. Zitoe zile za ncha tatu, ufunge ndoana moja moja, kisha uminye vile vimiba vyake, vijino vinavyozuia ndoana kuchomoka, kwa koleo mpaka vilale. Mshipi ukiwa umekazwa wakati wote hatachomoka. Lowesha mikono kabla ya kumshika, na kazi yote uifanye akiwa bado majini.