Kampuni ya pikipiki ikifunga, spea tutatoa wapi? Mi nasema sheria ije

Wadau wa Kisumu, Kakamega, Busia na kwingine, kuna mjadala unaendelea hapa stegi ya Kondele na naona tuuongee wazi. Je, serikali ilazimishe yeyote anayetuuzia pikipiki, hasa hizi za stima, ahakikishe spea zitapatikana kwa miaka fulani hata kama yeye mwenyewe atafunga? Wengi wanapinga, wanasema bei itapanda. Mi nasema alazimishwe.

Jina la pikipiki kufa si kitu kigeni. BSA ya Birmingham, Uingereza, miaka ya 1950 ilikuwa ndiyo kampuni kubwa zaidi ya pikipiki duniani, hadi Triumph, kampuni ingine ya pikipiki ya huko, ilikuwa yao tangu 1951. Halafu 1969 Honda ya Japani ikaleta pikipiki inaitwa CB750, unabonyeza tu inawaka, haivuji oili, na Waingereza bado wako na kiki na injini za mtindo wa zamani, kufika 1973 BSA imeisha. Lakini mpaka leo hizo BSA za zamani ziko barabarani. Ile ni chuma, bushi ikiisha fundi mwenye mashine ya kukereza anatoa ingine, gasiketi inakatwa, na kuna mafundi wadogo huko wanaendelea kuunda spea zake. Kampuni imekufa, pikipiki haijakufa.

Angalia pia Victory ya Marekani. Kampuni ya Polaris ilianza kuiunda 1998, wakanunua Indian, jina lingine la pikipiki la huko Marekani, 2011, na Januari 2017 wakatangaza Victory inafungwa kwa vile haikuwa inapata soko la kutosha. Ila walisema spea zitatoka kwa miaka 10 na waranti itaheshimiwa. Hapa kwetu nani ameahidi hivyo?

Mdogo wangu huku Maseno alinunua ya Mchina kwa loni, duka likafungwa hata kabla amalize kulipa, akawa anazunguka soko la Kibuye akitafuta klachi pleti za kufanana, mara zinaingia mara zinateleza, mwishowe akauza kama skrepu na loni bado anadaiwa. Ndio maana watu wa boda wamejazana kwa Boxer na TVS, si ati hazina shida, ni kwa sababu hata ukiwa Bondo ndani ndani utapata kabureta, cheni, sproketi na fundi anayejua kuzifunga.

Sasa za stima ndio zinanitia wasiwasi zaidi, na mi sizichukii, petroli inatumaliza na ukibadilisha betri iliyoisha na iliyojaa chaji, haraka unarudi kazini. Shida ni kwamba nyingi betri si yako, ni ya kampuni, inaingia kwa stesheni zao peke yake, na ndani kuna programu ambayo fundi wa juakali hawezi kufungua. Unanunua mwili bila roho. Boxer ikikosa mwenyewe tutachonga, tutaunga, tutasukuma miaka kumi ingine. Hii ya stima kampuni ikiondoka utaichonga na nini?

Wanaosema bei itapanda nawasikia, elfu kumi juu ya bei ni pesa nyingi kwa kijana anayeanza. Lakini hiyo gharama iko tu, saa hii inabebwa na yule wa mwisho kabisa ambaye ni mwenye loni. Na wanaosema kampuni ndogo zitafukuzwa, sawa, basi kampuni ndogo iweke pesa kando kwa benki za kununulia spea, au itumie betri inayoingia kwa stesheni ya mwingine. Ikifunga, itoe ile programu mafundi waitumie. Tena loni isiendelee kudaiwa kwa pikipiki ambayo betri yake imechukuliwa, hii kwangu ndio muhimu kuliko zote.

Sasa nyinyi mnaopinga, mnijibu hili moja: kampuni ikifunga Ijumaa, na Jumamosi betri yako imeisha chaji ukiwa Ahero na abiria nyuma, utapigia nani simu?