Nikipigwa karata ya mwisho kwenye poka hasira inanipanda mpaka naharibu kila kitu, nyie mnajizuiaje?

kaka_wa_tabata

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwenye hili maana limeshanishinda.

Tuko jamaa sita tunacheza poka kila Jumamosi usiku kwa mshikaji wetu Sinza Mori, ile ya Texas Hold'em (kila mtu karata mbili zake za siri, na tano zinafunuliwa mezani za wote), kila mtu anaingia na elfu 20. Tunajuana toka enzi za drafti kijiweni. Sasa Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeshafikisha kama elfu 45 mbele yangu, nikapewa ree mbili, nikapandisha, dogo mmoja hivi (nimemzidi miaka kama minane, ananiita bro) akasukuma chipu zake zote na mimi nikasukuma zote hapohapo, kufunua ana kingi mbili. Nikajua nimemaliza kazi. Karata tatu za kwanza hamna kitu, ya nne hamna kitu, ya mwisho inatoka kingi ya kopa, dogo kawa na kingi tatu, kanifunga.

Aisee nilisikia masikio yanawaka. Nikamrushia mwenye nyumba elfu 20 kwa simu anipe chipu zingine, nikaanza kucheza kila karata yaani jeki na nne naingia, namtafuta dogo tu wengine hata siwaoni, zikaisha nikarusha tena, nikarusha tena, mpaka mara nne. Jumla laki moja usiku mmoja na humo ndani kulikuwa na hela ya gari la shule la mtoto ya Jumatatu. Mkono wa mwisho, yaani mgao wa mwisho wa karata, dogo akasema tu "pole bro", nikamtupia karata usoni na nikamtukania mama yake. Mama ambaye mimi nimekula kwake sijui mara ngapi. Hakunijibu, aliziokota karata akazipanga mezani.

Nyumbani nimefika saa nane usiku, wife kauliza kama nimekula, nikamfokea mpaka mtoto akaamka.

Wiki nzima sasa hakuna aliyenipigia simu. Sitaki kujua jinsi ya kushinda, nataka kujua mnafanyaje ile dakika inapopanda, maana naiona kabisa akili inaondoka na siwezi kuirudisha.

mgawa_karata

Pole mkuu. Nimewahi kugawa karata kasino hapa mjini kwa miaka kadhaa, hiyo hali nimeiona kwa watu wa kila aina, wachezaji wanaiita tilti.

Ree mbili dhidi ya kingi mbili kabla ya flopu (zile tatu za kwanza za mezani) zinashinda kama mara 82 kwenye 100. Zile 18 zinazobaki zipo na lazima zimwangukie mtu. Halafu angalia kwanini inauma hivyo: ree mbili mtu anapewa mara 1 katika mikono 221, na meza ya nyumbani mkijitahidi mnagawa kama mikono 25 kwa saa, maana yake unakaa karibu saa 9 kuziona mara moja, kwako hizo ni Jumamosi mbili nzima. Ndio maana zikija unaihesabu ile hela ni yako tayari, ikiondoka unajiona umeibiwa. Hujaibiwa mkuu. Hata wewe ungekuwa na zile kingi ungesukuma zote, na ulivyozicheza ree zako ni sawasawa kabisa, ukipewa tena kesho zicheze vilevile.

Ila nikwambie nilichokiona nikiwa upande wa pili wa meza. Hasira haikuanza ulipotupa karata, wala matusi. Mtu akishaanza kunitupia chipu badala ya kuzisogeza, akaanza kunihimiza "gawa gawa", akawa anaangalia karata zake nusu sekunde halafu macho yote kwa aliyemfunga, najua huyo anamaliza hela usiku huo. Kwako ilianzia kwenye ile elfu 20 ya kwanza uliyorusha kwa simu. Ulirusha kabla hujapumua hata mara mbili. Ukitaka kujizuia jizuie hapo, maana ukishafika mara ya tatu hakuna binadamu anajizuia. Wateja wangu waliodumu walikuwa wanaingia na hela taslimu ya kuingia mara mbili tu, ikiisha wanaaga wanaondoka, hawaulizi moyo unasemaje kwasababu waliamua wakiwa nyumbani wametulia.

simba_wa_kimara

Mkuu usijilaumu sana, hasira ni sehemu ya mchezo. Mcheza poka Phil Hellmuth wa Marekani anafoka mezani dunia nzima inamwona kwenye TV na ana bangili 17 za World Series of Poker (ndio tuzo ya kila shindano pale), ubingwa mkubwa kauchukua 1989 akiwa na miaka 24. Angekuwa anaharibikiwa na hasira angefika pale?

mgawa_karata

@simba_wa_kimara tofauti ni hii, Hellmuth anafoka akishatupa karata zake, mkono unaofuata anarudi kusubiri karata nzuri kama kawaida yake. Mwenzetu hakufoka tu, alicheza jeki na nne.

mama_wawili

Naomba niongee mimi ambaye sichezi ila nimeolewa na anayecheza. Kaka umeandika kuhusu kingi ya kopa mistari mingi, kuhusu mkeo umeandika mmoja. Mimi nimeshafokewa saa nane usiku kwa karata ambayo sijaiona wala siijui jina, na nakwambia yeye hakumbuki umepoteza shilingi ngapi, anakumbuka mtoto aliamka.

Kwetu kilichosaidia ni hela. Tulikaa tukakubaliana ya kucheza inakaa kwenye bahasha kabatini, ikiisha mpaka mwisho wa mwezi, na simu yenye hela anaiacha kwangu anatoka na ile ndogo ya kupiga tu. Siku za mwanzo alinuna. Lakini anasema mwenyewe kwamba akipoteza ya kwenye bahasha inamuuma kidogo tu na kupita, akipoteza ya kodi ndio anakuwa mnyama, kwasababu anajua anarudi kunitazama usoni. Wewe ulikuwa unacheza na nauli ya mtoto, hata ungekuwa mpole kama nani ungetetemeka. Na huyo dogo usimtumie meseji, nenda.

babu_wa_kariakoo

Vijana mimi kamari siishauri, kwetu ni haramu na nitakuwa mnafiki nikinyamaza. Kijana wangu, ningefurahi ukiacha kabisa. Ila umeuliza kuhusu hasira na hilo nitakujibu. Tumefundishwa ukikasirika umesimama basi kaa, isipoondoka lala. Ujanani nilikuwa nacheza wahedi wa sitini bila hela hata senti, na bado watu walishikana mashati, kwahiyo usidhani ni hela peke yake. Nilichojifunza ni kwamba mwili ukibadilika hasira inakosa pa kushika. Wewe umekaa mezani na karata mkononi, basi inuka, toka nje, nawa uso na maji ya baridi, kama ni wa kuswali tia udhu, usirudi mpaka uweze kutaja jina la yule mtu bila meno kukaza.

kaka_wa_tabata

Asanteni sana wote, nimesoma zaidi ya mara moja. @mama_wawili ule mstari wako wa mtoto kuamka umenikalisha kitandani dakika nyingi. Nimeshaongea na wife, nimemwambia na ile ya gari la shule, alikuwa hajui, nililipa kwa kukopa kwa shemeji. Hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga.

Jana baada ya kazi nilipitia Manzese kwa dogo. Nilijiandaa maneno yote kwenye daladala, kufika nikamwambia tu nisamehe mdogo wangu nilikukosea wewe na mama. Akasema yameisha bro. Kumbe mama yake hakuambiwa kitu, akaja na chai na chapati mbili akaniuliza mbona nimepotea, sikuweza hata kumwangalia nikawa natazama kikombe.

Jumamosi hii wameniita na nimekataa. Ile inayofuata nitaenda na elfu 40 mfukoni, simu inabaki kabatini. @babu_wa_kariakoo nimekusikia na kuhusu kuacha, sijafika hapo ila nimekusikia.

@mgawa_karata swali moja, zile karata za mikono miwili mitatu baada ya kufungwa unazitupa zote hata zikiwa nzuri au unacheza?

mgawa_karata

Tupa zote. Ukipata ree mbili nyingine hapo cheza, chini ya hapo inuka ukanunue maji.