Tupeane uzoefu: uliona kosa kazini ukanyamaza, nini kilikuziba mdomo?

Kamwene wakuu. Naanza mimi. Nilikuwa kiwanda cha mbao Mafinga, napokea mbao nyuma ya msumeno. Asubuhi moja mlio ukabadilika, kama mtu anakwangua sufuria. Nilijua msumeno umepata ufa. Ila wiki ile ile mwenzangu alisimamisha mashine kwa wasiwasi, msimamizi akamuuliza mbele yetu, "Wewe ndiye fundi?" Nikainama nikaendelea kupanga mbao. Kabla ya chai msumeno ukakatika, kipande kikapita karibu na sikio la mwendesha mashine kikagonga bati. Namshukuru Mungu hakuumia. Tulipoulizwa nani alisikia kitu, watu sita tukabaki tunaangalia maranda.

Karibuni.

Mdau wa Tukuyu: Mimi karani, napokea majani ya chai. Majani yakikaa sana kwenye magunia yanapata joto, yanaharibika. Meneja wa zamani ukimwambia mzigo umeungua, lawama yako. Tukawa tunauchanganya na mzuri, basi. Huyu wa sasa, wiki yake ya kwanza tu alisimama akasema, "Jana gari nimelipanga vibaya mimi, mzigo umelala njiani." Jamani, bosi! Siku hizi tunampigia simu kabla mzigo haujaharibika.

Mdau wa Mbeya mjini: Ni muuguzi, wodi ya watoto. Usiku mmoja niliona dozi kubwa kwenye faili. Nikauliza, "Dokta, mtoto ana kilo 9 au 19?" Faili lilikuwa linatetemeka mkononi. Akasoma tena, akakata, akaandika upya, kisha akasema wote wakisikia, "Asante sista, umetuokoa." Tangu siku hiyo hata wanafunzi wa mafunzo wanauliza. Baadaye nikasoma kuhusu Amy Edmondson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa hospitalini, akidhani timu zenye uhusiano mzuri zitakuwa na makosa machache. Akakuta ndizo zenye mengi kwenye kumbukumbu, kwa sababu wao waliyasema.

Mdau wa Njombe: Mimi nina vijana 8 shamba la parachichi. Ukilegeza wanachelewa, tusidanganyane.

Mleta mada: Anayechelewa mkemee, mkuu. Nazungumzia anayekuja kukuuliza au kukuambia kitu kimeharibika.

Mdau wa Njombe: Hapo sawa. Yupo mmoja nilimfokea mwezi uliopita, aliuliza kama dawa imezidi kwenye pampu. Hajaniuliza kitu tena. Na dawa ilikuwa imezidi kweli.