Nimepokonywa kipanya mbele ya wauguzi, kasoro ikaandikwa "Imefaulu"

Wadau, naandika nikiwa bado natetemeka, hivyo mniwie radhi iwapo sentensi zangu zitakuwa ndefu kuliko foleni ya mapokezi. Yule bwana wa kusukuma mradi mnamjua. Hakuna aliyewahi kuratibu majaribio ya mfumo wa kompyuta wa hospitali ambaye hajakutana naye, na kama hujakutana naye, jua kwamba yuko njiani na tarehe ya uzinduzi mkononi.

Leo asubuhi tulikuwa kwenye moduli ya dawa, yaani sehemu ya mfumo inayokokotoa dozi. Nilikuwa nimebembeleza wodi nzima kwa wiki tatu hadi nikapewa wauguzi wanne na mfamasia mmoja kwa saa mbili tu. Muuguzi mmoja akaingiza uzito wa kichanga wa majaribio kama anavyouandika wodini kila siku, yaani kwa gramu: 4,000. Kisanduku kilikuwa kinasubiri kilo. Mfumo haukuuliza wala haukukohoa. Ulizidisha kwa miligramu 15 za parasetamoli kwa kila kilo, ukatuletea dozi moja ya miligramu 60,000, ambayo ni sawa na vidonge 120 vya miligramu 500 kwa mtoto ambaye hata jino hana. Mfamasia alicheka, kisha akaacha kucheka.

Nikaandika "Imeshindwa" na kuipa kasoro hiyo ukali wa juu kabisa. Hapo ndipo yule bwana, ambaye muda wote alikuwa anachezea simu, aliponyoosha mkono, akanipokonya kipanya, akabonyeza "Imefaulu" na kusema, "Kwani nani ataandika mtoto wa kilo 4,000?" Aliyeandika alikuwa ameketi ubavuni pake!

Kipanya changu, wadau. Akaunti ni yangu, jina lililobaki kwenye kumbukumbu ni langu, kidole ni chake. Ningeweza kusamehe hati za majaribio anazozisoma kwa kuzipima unene, lakini kunipokonya kipanya mkononi, mbele ya watu niliowaomba kwa magoti, hapana.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku: Pole, mleta mada, ila wewe ulipokonywa kipanya, sisi tulipokonywa usingizi. Nilitoka zamu alfajiri, nikapelekwa moja kwa moja kujaribu mfumo, na nilipolalamika kwamba herufi zinacheza nikaambiwa niijaze kama kasoro.

Mkongwe wa Misimbo: Mkuu, uliacha akaunti wazi na kipanya mezani, halafu unashangaa? Hata hivyo, kisanduku cha uzito kisicho na kikomo cha juu ni aibu yetu watengenezaji, nami nakiri.

Mleta mada: Hakikuwa mezani. Kilikuwa mkononi mwangu.

Fundi wa Mionzi: Huyo bwana asimuliwe habari ya Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi ambayo kati ya mwaka 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa sita dozi kubwa kupita kiasi, kasoro za programu zikiwa miongoni mwa sababu. Ujumbe wa hitilafu ulikuwa wa kawaida kiasi kwamba waendeshaji walizoea kubonyeza kitufe cha kuendelea.

Mleta mada: Angalau wao walibonyeza wenyewe.

Mratibu Mstaafu: Hayo ni madogo. Kwetu mazingira ya majaribio yalinakiliwa kutoka mfumo halisi pamoja na namba za simu, na hakuna aliyekumbuka kuzifuta. Tulipojaribu ujumbe wa kukumbusha miadi, wagonjwa halisi walifika kesho yake kumwona "Daktari Jaribio Jaribio".

Muuguzi wa Zamu ya Usiku: Walimwona?

Mratibu Mstaafu: Walimsubiri hadi jioni, na mmoja akadai apewe nafasi nyingine.

Karani wa Kumbukumbu: Nanyi mnaohamisha data mnieleze: kwa nini kila mgonjwa asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa anaingizwa tarehe 1 Januari 1900? Nina wodi ya wazazi iliyojaa akina mama wenye zaidi ya miaka 120.

Mkongwe wa Misimbo: Kisanduku kilikataa kuachwa wazi, ndugu.

Karani wa Kumbukumbu: Kilikataa uwazi, kikakubali ajuza anayejifungua?

Mleta mada: Naomba turudi kwenye kipanya.

Fundi wa Mionzi: Kipanya kitasubiri, mkuu. Karani, hao akina mama mfumo uliwapangia kliniki gani?